Mstari Mmoja kwa Siku

Kila mwisho wa Desemba, nikipita kwenye duka la vifaa vya shule pale Bariadi mjini, huwa naomba kushika daftari ambalo sina haja nalo. Ni lile kubwa lenye jalada gumu, kaunta buku. Nalifungua katikati na kulinusa. Muuzaji siku hizi amenizoea, lakini mwanzoni alikuwa akinitazama kama mtu anayenusa samaki sokoni kujua kama ameharibika. Harufu yenyewe ni ya gundi na karatasi iliyokaa muda mrefu ndani ya boksi. Ikishaingia puani, niko Nkololo, nina miaka kumi na moja, na dada yangu amekufa wiki sita zilizopita.

Kwetu pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa na anayefuata ni Doto, wawe wa kike au wa kiume, kwa hiyo wazazi wangu hawakupata taabu ya kutafuta majina. Mimi ni Doto. Kulwa alinitangulia kwa muda ambao mama alisema haukutosha hata kuchemsha uji, lakini alinituma na kunifokea kana kwamba kanipita miaka mitano. Wageni wakija, yeye ndiye aliyezungumza nao. Mwalimu akiuliza swali, yeye alijibu, na mimi nikajibu baada yake, jibu lilelile, kwa sauti ndogo zaidi. Sikuona ubaya wowote. Maisha yalikuwa mepesi hivyo.

Homa ilimshika mwezi wa kumi na moja, tulipokuwa tumeanza kupanda. Siku ya tatu walimpeleka hospitali, siku ya nne wakamrudisha amefunikwa. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa. Ninachokumbuka zaidi kwenye mazishi yale ni kwamba viatu vyangu vilinibana. Wanawake walilia mpaka sauti zikawakauka. Mimi sikulia. Wala sikujizuia, maana hakukuwa na kitu cha kuzuia. Shangazi yangu aliyekuja kutoka Maswa alinipakata, nilivyokuwa mkubwa vile miguu ikiburuta chini, akasema, "Lia, mwanangu. Lia utoe."

Nilimwonea huruma nikajaribu. Nilikunja uso, nikabana macho. Hakikutoka kitu. Mwishowe alichoka, akanipa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, nikaitafuna kimyakimya huku watu wakinitazama.

Baada ya matanga, jina la Kulwa likaacha kutamkwa nyumbani. Hakuna aliyetoa amri. Nguo zake shangazi aliondoka nazo. Baba alizidisha kukaa na ng'ombe. Majirani waliokuwa wakimwita mama yangu Mama Kulwa miaka yote walianza kumwita Mama Doto, na kila walipomwita hivyo alichelewa kidogo kuitika. Mimi nilikuwa nakula nisisikie chumvi. Siku moja nilikanyaga mwiba, nikajua kwa sababu niliona damu kwenye vumbi. Niliitazama ile damu kama mali ya mtu mwingine.

Sasa, tulikuwa na mpangaji katika chumba cha uani, Mwalimu Zuhura. Ajira ilimleta kutoka Lushoto, na Kisukuma chake chote kilikuwa ni "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, ambayo yeye aliitoa asubuhi, mchana na jua linapozama. Kila tarehe mosi Januari alikuwa na kawaida yake. Alinunua daftari jipya, akaketi mezani, akaandika atakayoyaandika mwaka huo: barua kwa mama yake kila mwezi, mapishi ya bibi yake kabla hayajasahaulika, na mengine aliyoyafunika kwa kiganja tulipochungulia. Mwaka uliotangulia alitukalisha na sisi. Kulwa aliahidi hadithi ishirini, na barua moja kali kwa mkuu wa mkoa kuhusu kisima chetu. Mimi niliandika chini yake: "Na mimi pia." Kulwa alifikisha hadithi mbili, zote za fisi. Mimi sikufikisha hata moja.

Januari hiyo niliyobaki peke yangu, Mwalimu aliweka daftari mbele yangu likiwa bado linanukia harufu ya dukani.

"Doto, mwaka huu utaandika nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Unaweza kiasi gani?"

"Mstari mmoja."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku." Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Nadhani nilitaka tu aniache.

"Kuhusu nini?"

"Sijui."

"Haya," akasema. "Basi andika hivyohivyo."

Nikaandika: Mwaka huu nitaandika mstari mmoja kila siku. Sijui kuhusu nini.

Na kweli niliandika. Niliandika kama mtu anavyofagia uwanja, kwa sababu ameambiwa aufagie na kesho utachafuka tena. Leo tumeamka, tumekunywa uji. Leo tumepalilia pamba shamba la chini. Leo mvua imenyesha, tumelowa. Siku nyingine: Leo hakuna kitu. Kila Ijumaa Mwalimu alisoma, akaweka sahihi yake chini, akanirudishia.

Mwezi wa tatu kulikuwa na mchana mmoja wa mvua ambapo hakuna aliyeweza kwenda shamba. Niliingia ndani nikamkuta mama ameketi kitandani kwangu, daftari likiwa mapajani. Mama alikuwa ameishia darasa la tatu. Alisoma kwa kidole na kwa sauti, silabi moja baada ya nyingine, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Tu-me-a-mka. Tu-me-pa-li-li-a." Kidole kikasimama. Kisha bila kuinua uso akauliza, "Hapa umeandika 'tumeoga mtoni'. Ulioga na nani?"

"Peke yangu, mayu." Ndivyo tulivyomwita mama nyumbani.

"Na hapa? 'Tumelala mapema.'"

"Peke yangu."

"Mbona umeandika 'tu'?"

Nilisogea nikatazama. Nilifunua ukurasa, nikafunua mwingine. Kila mahali ilikuwa tumeamka, tumekula, tumerudi, tangu Januari mpaka siku ile, na mimi sikuwa nimeona. Hata wakati ule sikusikia chochote kifuani. Niliona kosa la shule. Nikachukua kalamu, nikaketi kando yake, nikaanza kukata "tu" na kuandika "ni" juu yake. Nilikuwa nimesahihisha mistari mitatu mama aliponishika mkono.

"Acha."

"Nimekosea, mayu."

"Acha," akasema. "Ya Kulwa iache ikae."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina hilo tangu mazishi. Lilitoka likikwaruza. Kisha akasimama haraka, akasema anakwenda kuanua nguo, akatoka kwenye mvua. Kambani hakukuwa na nguo hata moja.

Ijumaa nilimwambia Mwalimu kwamba daftari langu lina makosa mengi.

"Ya 'tu'?" akauliza. "Niliyaona tangu wiki ya kwanza."

Huyu ndiye mwalimu aliyekuwa akitukata alama kwa kusahau nukta. Nilimuuliza kwa nini hakunisahihisha. Alifunga daftari, akalipangusa jalada kwa kiganja, akasema hakuona mahali pa kuweka kalamu nyekundu.

Mwaka ulikwenda. Siku nyingi niliziruka. Katikati ya msimu wa kuchuma pamba niliandika, Leo nimechuma mpaka vidole vimechanika, na nikaendelea na "ni" tangu hapo bila mtu kuniambia. Sikuligundua badiliko hilo siku lilipotokea.

Tarehe mosi Januari iliyofuata, tulipoketi na Mwalimu mezani asubuhi, mama alitokea jikoni akifuta mikono kwenye khanga.

"Mwalimu, na mimi nipe karatasi."

Mwalimu Zuhura alimsogezea kiti. "Karibu, Mama Kulwa. Mwaka huu utaandika nini?"

Mama aliitika papo hapo. "Sentensi moja tu. Nikiimaliza, nimemaliza mwaka."

Tulicheka, hata yeye. Kisha akainama, na maharage yaliyokuwa jikoni yakakaribia kuiva akiwa bado ameinama. Alishika kalamu kama mwiko. Alipomaliza alinisogezea mimi nikague, maana nilikuwa msomi wa nyumba. Alikuwa ameandika: Kulwa alikuwa akiceka akiwa usingizini.

Niliisoma. Nikasema, "Mayu, 'akicheka' ina h."

Akaichukua karatasi, akabana h ndogo juu ya neno. Mwalimu aliweka kalamu yake chini. Mimi nikachukua ndoo nikaenda kisimani, nikiwa nimeridhika kwamba sentensi sasa iko sawa.

Nimekuwa nesi, nimeolewa, nina watoto wawili wanaolala kitanda kimoja. Mwaka juzi, mchana, walikuwa wamerudi shule wamechoka, wamejitupa kitandani na sare zao. Nilikuwa napita mlangoni na beseni la nguo mbichi nikasikia mkubwa akicheka. Macho yake yalikuwa yamefumba. Mdogo alikuwa amembana mgongoni, usingizi mzito, hana habari.

Miaka kumi na moja nililala nimegusana mgongo na dada yangu, na sikuwahi kujua kwamba alikuwa akicheka usingizini. Ningejuaje? Kila alipocheka, mimi nilikuwa nimelala. Duniani kote alikuwepo mtu mmoja tu aliyelijua jambo hilo, naye aliketi asubuhi nzima na kalamu ili anipe. Nami nikaona h haipo.

Nilisimama pale mlangoni mpaka maji ya nguo yakanilowesha miguu.