Mizani Isiyolia

Mektilda alirudi kwenye mizani ya chama cha msingi cha wakulima, kijijini Nkololo, kabla mshono wa tumboni haujaacha kumwasha. Msimu wa pamba ulikuwa umefunguliwa. Wakulima wenyewe ndio waliompa kazi ya kupima, kwa kura, baada ya kumtimua mpimaji aliyekuwa akiwapunja. Hakutaka nafasi hiyo aikalie mwingine.

Utumbo wake ulikuwa umejisokota. Alifikishwa hospitali Mwanza hajitambui, akapasuliwa, na kidonda kilipotunga usaha akapasuliwa tena. Kilichomganda kichwani si maumivu, ni mashine iliyokuwa pembeni ya kitanda: tii, tii, tii. Ya mgonjwa wa jirani ililia mfululizo, manesi wakakimbia, kisha pazia likavutwa. Tangu hapo Mektilda alikuwa akijilazimisha kukaa macho aisikilize ya kwake.

Mizani ya kidijiti nayo hulia. Uzito ukitulia, inatoa tii moja na namba zinasimama. Gunia la kwanza la msimu lilipolia, mikono ilimfa ganzi. Alijikuta nyuma ya ghala, ameshika tumbo, hajui amefikaje.

Alikwenda kituo cha afya akidhani mshono umeachia. Lusajo, tabibu kijana aliyehamishiwa hapo kutoka Mbeya, aliukagua akaukuta mzima. Akamuuliza habari za usingizi.

“Huna kichaa, mama. Mwili wako bado unadhani uko wodini. Uwe unakuja tuzungumze. Ila usiukimbie huo mlio. Ukiukimbia, utazidi kukutisha.”

Aliitikia kwa mdomo tu. Kesho yake aliwahi ghalani, akachukua plasta iliyobaki ya kufungia kidonda, akaziba tundu la spika ya mizani. Asubuhi yote alipima kwa raha.

Alichosahau ni kwamba wakulima wale, tangu wapunjwe, walipima kwa masikio. Kioo cha mizani hakisomeki vizuri juani. Mlio ndio uliowaambia kwamba uzito umetulia. Wa kwanza kuuliza alikuwa Kija, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi.

“Mayu,” alimwita mama kwa Kisukuma, “mizani imekula nini leo? Mbona haisemi?”

“Inapima, baba.”

“Hata yule mwizi alisema inapima.” Kija aliinama, akapapasa, akaibandua plasta na kuiinua watu waione. “Jamani, kumbe mizani imefanyiwa operesheni!”

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. “Apime mwingine!” mmoja akapaza sauti.

Katibu wa chama, Marcelo, alimsogelea na kumnong'oneza: “Sema ilikuwa inasumbua, ulikuwa unaitengeneza. Yaishe.”

Mektilda alisimama. “Plasta ni yangu, nimeibandika mimi. Nikiwa nimelazwa, mashine ililia hivihivi na mtu akafa pembeni yangu. Nikiusikia mlio huu, nadhani ni zamu yangu.”

Kija alimtazama. “Kwa hiyo unauogopa?”

“Nauogopa.”

“Na sisi tunaogopa mizani isiyolia.”

“Basi magunia ya asubuhi yatolewe yapimwe upya,” alisema Mektilda. “Nitapima mimi.”

Gunia la kwanza likapandishwa. Tii. Alishika ukingo wa meza hadi vidole vikawa vyeupe, na Kija akasoma namba kwa sauti ya kuswaga ng'ombe. La pili, vivyo hivyo. La tatu lilipolia, Mektilda alikwenda nyuma ya ghala, akatapika, akanawa uso. Aliporudi, kiti chake kilikuwa kitupu. Marcelo alikuwa amesimama kando yake, hakukikalia.

“Tuendelee, mayu, jua linakwenda,” mwanamke mmoja kwenye foleni alisema.

Magunia yote yalitoa uzito uleule wa asubuhi. Kija hakuomba radhi. Alibeba gunia lake lingine, akalishikilia juu ya mizani akimtazama Mektilda, na alipoona ameshika ukingo wa meza, tayari kwa mlio, akaliachia.