Kompyuta Pacha Iliyonipokonya Ujomba

Kosa ni langu, msimlaumu fundi wala umeme. Nina steshenari Mkomaindo, hapa Masasi, na miaka ile kila mtu alipokuwa anafungua biashara, mimi nilijiona mtaalamu kwa sababu tu nilikuwa na kompyuta ya mezani.

Fundi alikuwa ameniwekea kompyuta nyingine ndani ya ile ile, ya kuigiza tu, ili virusi vya flashi za wateja viishie humo. Uzuri wake, unaweza kuinakili nzima ukapata pacha wake.

Dada yangu wa Newala, Mama Hamisi, naye akafungua duka la steshenari kama langu, na mwanawe alikuwa anatoka jandoni. Akaniomba kadi ya mwaliko. Nikachukua kadi ya zamani ya jando la mwana wa mzee mmoja wa Lisekese, hapa hapa Masasi, nikabadilisha majina na tarehe, nikanakili ile kompyuta ya kuigiza nzima, na kadi ndani yake, kwenye diski na kumpelekea kwa basi. Basi limeshaondoka ndipo nakumbuka sijabadilisha mahali.

Wala sikushtuka. Nikafungua ya kwangu, nikafuta Lisekese, nikaandika Newala. Niliamini kabisa kwamba wale ni mapacha, ukimrekebisha mmoja na mwenzake amerekebika. Jamani, ujinga mwingine mtu anazaliwa nao.

"Niisome kwanza?" dada akauliza kwenye simu.

"Usiguse kitu, dada. Wewe printi tu."

Siku ya sherehe nikapanda Newala na fundi wangu kama mgeni. Pilau imejaa masufuria, watu hakuna. Ndugu zetu wote wa Nanganga na Masasi wamekwenda Lisekese.

"Mdogo wangu," dada akasema taratibu, "hawa watu umewaalika wapi?"

Nikakodi gari kuwafuata. Nikawakuta kwa yule mzee, ngoma imekolea, kuku wetu wa zawadi wako chunguni.

"Nilidhani mmerudia sherehe ya mwanangu," akanambia. "Sasa ningewafukuzaje?"

Kwetu mjomba ndiye anayemshika mwali, yaani kijana aliyetoka jandoni, mkono na kumtoa mbele ya watu. Niliisubiri siku hiyo tangu Hamisi azaliwe. Tuliporudi alishatolewa, na aliyemshika mkono badala yangu ni fundi, niliyemwacha pale. Nililia, sifichi.

Mpaka leo Hamisi akija Masasi ananipa shikamoo ya mlangoni, kisha anakwenda kushinda kwa mjomba wake fundi.

Ninyi mnaonakili mashine, someni kwanza kilichomo. Pacha akishaondoka, hasikii tena unachosema nyumbani. Mimi kadi yangu ninayo, haina kosa hata moja, imeandikwa Newala.