Chini ya Chokaa

Harufu ya chokaa mbichi iliingia ndani kabla sijaiona ndoo. Nyumba iliyopakana na yetu, huko mtaa wa Malindi, kisiwani kwetu, ilikuwa ikitengenezwa ukuta, na fundi aliomba kuweka vitu vyake kwenye ua wetu kwa kuwa uchochoro ulikuwa mwembamba mno. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa na miaka kumi na nne. Ulikuwa mwezi wa tatu sijavuka kizingiti. Mama alishafariki, baba alikuwa Maskati kikazi, na mimi nililelewa na shangazi yangu, Bi Zuhura, ambaye alikuwa mshonaji. Nilipovunja ungo alinikalisha kitako akaniambia kwa upole kabisa, "Skuli imetosha sasa, mwanangu. Ushakuwa mkubwa." Nilidhani ni maneno ya wiki moja.

Asubuhi nilisikia viatu vya wenzangu vikipita chini ya dirisha, na mmoja wao, aliyekuwa akikaa nami dawati moja, mwanzoni alikuwa akiliita jina langu. Baadaye akaacha. Dirisha lenyewe niliruhusiwa kulifungua upana wa kiganja tu, ili wapitao wasione ndani. Nilichagua mchele, nilitia uzi sindano za shangazi, nilifua, nikaanika, nikaanua. Jua lilipanda ukutani polepole, likafika kwenye saa iliyosimama, likaondoka. Kulikuwa na siku ambazo nilihisi hewa ya chumba kile nimeshaivuta yote, na sasa navuta ileile iliyotoka kifuani mwangu.

Nilikuwa na daftari moja la jalada gumu, zawadi niliyopewa skuli kwa kushika nafasi ya pili. Kila ukurasa niliuanza kwa wino, kwa maneno ambayo sikuweza kuyasema mezani: nataka kurudi skuli; baba, njoo; leo sikuzungumza na mtu. Kisha nikaogopa. Shangazi alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi za skuli hakuzijua. Niliowaogopa ni wageni. Basi nikachota chokaa kwenye ndoo ya fundi, nikaipaka juu ya maandishi kwa kitambaa. Nilijifunza kwamba ikiwa nzito hupasuka, na ikiwa nyepesi maneno huchungulia. Nikapika gundi ya unga wa ngano, nikabandika vipande vya gazeti, na juu yake vipande vya kanga vilivyoanguka chini ya cherehani. Nikapaka buluu ya kufulia, hina na masizi. Siku nilipopaka manjano ya kupikia juu ya chokaa ambayo haijakauka, yaligeuka mekundu mbele ya macho yangu, nami nikacheka peke yangu. Kurasa zilivimba kwa matabaka hata daftari likakataa kufungika.

Shangazi alilipenda. Aliona maua na mistari, akadhani najifunza ruwaza za kutarizi. Sikumkosoa.

Masika yalipoingia, alikuja mgeni kutoka Chukwani, Bi Raya, aliyewahi kuwa muuguzi. Nilipoambiwa nivae nguo ya Idi na nilete kahawa na halua, nilijua amekuja kunitazama kwa ajili ya mwanawe. Nilimwamkia, akaniitikia, nikabaki nimesimama na sinia. Shangazi akaliinua daftari kwa fahari. "Mikono yake huyu haikai bure. Hebu tazama."

Bi Raya akavaa miwani. Unyevunyevu wa mvua ulikuwa umeshailegeza chokaa, na kila alipofunua ukurasa vipande vyeupe vilidondoka kwenye buibui lake jeusi. Alianza kufunua haraka, kama mtu anayetimiza adabu, halafu polepole, halafu mkono wake ukakoma kwenye ukurasa mmoja. Niliona midomo yake ikitembea. Ulikuwa ukurasa nilioandika baada ya kumsikia shangazi akinong'ona na jirani: Msinioze. Nataka kusoma.

Hakumtazama shangazi. Alinitazama mimi. "Umeandika wewe?"

"Naam," nikajibu.

Akalifunika daftari, akajipangusa chokaa, akamaliza kahawa yake. Alipoinuka alisema, "Zuhura, mtoto huyu bado ana masomo. Miye simchukui."

Mlango ulipofungwa nilisubiri kupigwa. Shangazi akakaa kwenye kiti cha cherehani, akanisukumia daftari. "Nisomee."

Nikasoma yaliyokuwa wazi.

"Na yaliyofunikwa?"

Nikabandua kwa kucha, ukurasa baada ya ukurasa, nikisoma kwa sauti ndogo, mpaka adhana ya alasiri. Alisikiliza huku anakunja na kukunjua kipande cha kitambaa. Mwishowe akasema, "Mimi niliwekwa ndani mdogo kuliko wewe. Nilidhani nnakuhifadhi." Hakuniomba radhi, wala sikutarajia. Aliongeza tu kwamba wageni wasilione tena daftari lile.

Mlango haukunifungukia siku ile. Nilikaa ndani miezi mingine hadi mwaka mpya wa masomo, nikarudi skuli nikiwa mkubwa kuliko darasa zima, nikiona haya ya urefu wangu. Shangazi ndiye aliyenishonea sare, akaiachia pindo refu ili inifae miaka mingi.

Leo binti yangu ana umri ule ule. Rangi zake zimenunuliwa dukani, gundi yake ina kifuniko, na madirisha yetu yako wazi kutwa hata vumbi linatusumbua. Naye hubandika karatasi na vitambaa kwenye daftari, tabaka juu ya tabaka, na mara ya kwanza nilipomwona moyo ulinishtuka: nilitaka kujua amefunika nini. Nilichungulia asipokuwapo. Chini ya rangi palikuwa na karatasi nyeupe tu. Jioni akaniita kutoka chumbani kwake kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "Mama, njoo uone." Nikaenda upesi. Katika miezi yangu yote ile, mimi sikuwahi kumwita mtu aje aone.