Mistari Myekundu ya Bhoke

Nakumbuka asubuhi moja ya kulima, Bhoke mjukuu wangu. Nilikuwa msichana mdogo, natangulia mbele ya maksai, baba yangu nyuma ameshika plau. Yule maksai mweupe akawa anavuta vibaya, mstari wa plau unapinda. Baba akainua fimbo.

"Baba, usimpige!" nikapaza sauti. "Amezoea upande wa kulia, leo umemfunga kushoto."

Wakati ule msichana hakumkosoa baba yake, tena shambani. Nilitetemeka. Baba akaitazama nira, akashusha fimbo, akawabadilisha upande, mstari ukanyooka. Jioni akawaambia wazee wenzake, "Huyu binti ana macho." Mpaka leo nikikumbuka kichwa kinavimba, wala sioni aibu.

Juzi, mjukuu wangu, nimeyaona macho hayo kwako. Programu yako ya kuwatumia majirani ujumbe tembo wakitoka hifadhini ilikuwa ionyeshwe kesho yake kwenye mkutano wa kijiji, na mahindi ya kijiji chetu cha Robanda yamekaribia kukomaa. Kioo cha kompyuta kikajaa mistari myekundu. Kaka yako Marwa akasema, "Imeharibika hiyo. Futa, anza upya."

Ukakataa. Ukanieleza taratibu, mimi ninayeijua kompyuta kwa kuipangusa vumbi tu.

"Bibi, msimbo niliouandika hauna kosa. Lugha hii ya JavaScript naiendesha kwa mtambo mpya, ila kihariri, hiki ninachoandikia, bado kinaisoma kwa mtambo wa zamani. Sijakiambia."

Ukawasha kiendelezi, kile kinachokifundisha kihariri mtambo mpya, kwenye folda ya programu hiyo peke yake. Nikauliza, kwa nini usiwashe kote?

"Tovuti ya kikundi chenu cha asali inatumia ule wa zamani, Bibi. Nikiwasha kote, wekundu utahamia huko."

Mistari ikafutika. Ukabonyeza kitu, simu yangu ikalia mfukoni: "Jaribio. Tembo wametoka." Nikapiga kigelegele, majirani wakadhani kuna harusi!

Basi nakuusia, mwanangu, wewe na wenzako. Kazi yako ikionekana mbovu, uliza kwanza anayeitazama ameambiwa nini. Usifute jasho lako kwa sababu mtu amepaza sauti. Na ukiwa na hakika sema, hata kama unatetemeka.

Mungu akulinde, akuongezee akili, na mahindi haya yavunwe na walioyapanda. Baba yangu hayupo, kwa hiyo kwenye mkutano nilisimama mimi, nikawaambia wazee wenzangu: huyu binti ana macho.