Mzinga wa Kigogota

Nikisema nina hasira, nina hasira kweli, na atakayeniambia "si ndege tu hao" asinikanyagie mlango wangu hapa Ujiji.

Nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na mchikichi uliokufa. Kilele kilishaanguka, limebaki gogo. Humo wakahamia vigogota wawili, wale ndege wanaogonga miti kwa mdomo mpaka unadhani seremala kaamka mapema. Dume ana wekundu kichwani. Wakatoboa tundu, wakataga, na masika yalipokuwa yanaishia, nikiweka sikio kwenye gogo nasikia makinda wanalia chichichi, kama mawese yakianza kupata moto sufuriani.

Wiki tatu nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimejificha nyuma ya kanga zilizoanikwa, simu mkononi, namvizia dume. Ndege yule ana dharau! Ukiinua simu anazunguka upande wa pili wa gogo, anakuchungulia kwa jicho moja. Nilipiga picha za mkia, za kivuli, za gogo tupu. Siku nilipompata, kichwa chekundu, mdudu mdomoni, kinda katoa shingo tunduni, nilipiga kigelegele peke yangu uani. Nikairusha picha kwenye kundi la ukoo. Laiti ningejua!

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alinipigia palepale. Harusi ya binti yake ilikuwa ifanyike kwangu, maana kwake ni padogo.

"Wifi, hilo gogo limeoza. Turubai tutalifunga wapi? Na likimwangukia mtu je?"

Nikamwomba siku kumi tu, makinda waruke. Kabla ya harusi zilibaki wiki mbili nzima.

"Haya wifi, nimekuelewa."

Kuelewa gani kule! Siku ya sita nilipanda Kalinzi kufuata ndizi za shughuli, nikalala huko siku moja. Narudi, uani kweupe. Turubai limeshasimama. Gogo hakuna.

"Usipandishe presha," wifi akaniwahi. "Ndege wako wapo. Mume wangu kawatengenezea vizuri."

Mumewe ni mtu wa Simbo, kazi yake kutundika mizinga ya nyuki. Alikuwa amekata kipande chenye tundu, akakifunga kamba mbili, akakitundika kwenye mparachichi. Na amekilaza! Kimelala ubavu kama mzinga, tundu linatazama mawingu.

"Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha, anatabasamu, anangoja ahsante yake.

"Mbona umewalaza?"

"Mzinga hausimamishwi, mama. Nyuki hawaingii."

"Kwani hawa ni nyuki?"

Akapanda tena, akakisimamisha. Alifanya kwa moyo safi, na hilo ndilo linalonichoma, maana mtu aliyekutendea wema utamshika wapi? Ndani makinda walikuwa bado wanalia. Nikaketi kwenye ndoo yangu.

Dume akaja. Akaenda moja kwa moja pale gogo lilipokuwa, akazunguka, akatua kwenye nguzo ya turubai na mdudu wake mdomoni. Akaondoka, akarudi, akatua palepale. Mparachichi hakuutazama hata mara moja. Nikasimama nikampungia kanga, nikampigia makofi, "Huku! Huku, we ndege!" Wanawake waliokuwa wakitwanga viungo wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikapanda ngazi na kumbikumbi kwenye kijiti, makinda wakakataa kufungua midomo. Kesho yake alasiri nilipanda tena, nikaweka sikio kwenye kile kipande. Kimya.

Hapo ndipo nikamtolea wifi yote. Nilimwita muuaji mbele ya masufuria ya harusi yake, Mungu anisamehe. Aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akatoa simu yake, akanionyesha picha yangu.

"Wifi, kabla ya shughuli hii, nyuma ya nyumba yako nilikuwa sijafika mwaka mzima. Gogo nimelionea hapa. Hebu tazama shina."

Nikatazama. Chini ya kichwa chekundu shina limeliwa, limeinama upande, linaonekana kabisa. Wiki tatu nimekaa mbele yake na sikuliona.

Picha nimeifuta kwenye simu yangu. Kwenye kundi la ukoo bado ipo, na jana kuna shangazi kaiwekea moyo.