Mwalimu wa Kwaya na Wimbo wa Bibi

Juzi niliingia dukani hapa Iyunga, Mbeya, kununua sukari, redio ikapiga dansi la zamani, nikasahau kilichonileta. Wimbo ule naujua, rafiki yangu. Ni wa bibi yangu, na aliyeupiga aliuiba. Nani atanibishia?

Miaka ile ya hamsini tulikaa milimani Iringa, mimi na bibi. Mama alikufa nikiwa mdogo, bibi akamtungia wimbo wa kumlilia. Aliuimba asubuhi akisaga ulezi kwenye jiwe, mimi nachochea moto, moshi unanichoma macho.

Sasa huyo mwalimu wa kwaya! Kila msiba yumo, hata wa watu asiowajua. Hali chakula, halii, anakaa nyuma ya akina mama anagongagonga vidole gotini. Haupiti muda, kilio cha jirani unakisikia kanisani kwa sauti nne, maneno yamegeuzwa ya Yesu. Watu walinong'ona kwamba ni mchawi.

“Afadhali mchawi,” bibi alisema. “Huyu anachukua vilio vya watu.”

Asubuhi moja bibi anaimba, amekaribia kulitaja jina la mama, mara nikaona baiskeli imelala nyuma ya mianzi. Mwalimu kasimama pale, eti anafunga kamba ya kiatu! Bibi akanyamaza hapo hapo.

“Kamwene, bibi. Mbona umeacha?”

“Kamwene. Koo limekauka, mwalimu.”

Alipoondoka bibi akasonya. Tangu siku ile alisaga kimya, nyumba ikapoa. Nilimsihi anifundishe wimbo wa mama yangu, maana kipande cha jina sikuwa nimekishika, akakataa katakata. “Una mdomo mwepesi wewe. Utamwimbia yule.”

Mwalimu akahamia Mbeya, akaunda bendi, akawa mtu wa kupangia wenzake gitaa na tarumbeta, jina likavuma. Bibi alikufa bila kumsamehe. Mimi nikaendelea kumchukia kwa niaba yake.

Basi juzi nimesimama dukani, matusi yamenijaa mdomoni. Gitaa likaimba sauti ya bibi, tarumbeta zikaitikia, zikafika pale bibi alipokatiza asubuhi ile. Zikarudi mwanzo. Zikafika tena, zikarudi tena. Nikajikuta nanong'ona, “Endelea, mwalimu, nakuomba endelea,” mwenye duka ananishangaa.

Hakuendelea. Kipande chenye jina la mama hakuwa nacho. Mimi pia sina. Bibi alikificha vizuri mno.