Faili Saba za Marete

Joyline alivua glavu za kukatia waridi, akasimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Chumba hicho cha shamba la maua, hapa Timau, kilikuwa cha mume wake Marete, hadi Mungu alipomwita mwezi wa tatu.

"Karibu, Mama Kawira," akasema Misheck, fundi aliyechukua nafasi yake. "Maua umemwachia nani?"

"Wacha mchezo, mwanangu. Umeupata?"

Radi ilikuwa imeua kompyuta ya zamani. Misheck alileta mpya, akarudisha yale Marete aliyokuwa anatunza kwa mtandao, kila badiliko na tarehe yake. Joyline alitaka kitu kimoja tu: wimbo wa Kimeru ambao Marete alijirekodi akiimba humo ndani, siku moja ya mvua. Sauti yake haikubaki mahali pengine.

Misheck akakuna kichwa. "Mama, mzee alikuwa mwangalifu sana. Hapa juu ya orodha aliandika kila faili ibaki nje, isiende kwa mtandao. Halafu akaita za kuingia, moja moja kwa jina. Ni saba tu, za mipangilio ya maji, joto na madirisha ya nyumba za maua. Wimbo hakuuita."

Joyline akakalia ndoo iliyopinduliwa. Alimjua. Hata maharagwe ya mbegu alichagua hivyo, punje kwa punje, na zilizobaki zote anasema, "Hizo ni za githeri, zipikwe na mahindi." Wimbo wake mwenyewe ameuweka kwa za githeri.

"Hakujua ataenda," akasema polepole.

"Lakini kila akibadilisha kitu alikuwa anaandika sababu. Nikusomee?"

Akasoma. "Nimepunguza maji, udongo umeshiba." "Nimerudisha ya jana, nilikosea." Yalikuwa maneno makavu ya kazi, lakini Joyline alisikia hata pale Marete alipokuwa anavuta pumzi.

Misheck akashuka chini kwenye orodha. "Hii ni ya Julai, mwaka juzi. 'Nyumba ya nne, nimeongeza joto digrii mbili alfajiri. Joyline anaanzia huko, vidole vinamuuma.'"

Marete hakuwahi kumwambia. Asubuhi ngapi Joyline alimshukuru Mungu kwa lile joto, na Marete mezani anajibu tu, "Amina," anaendelea na uji wake!

"Na hiyo joto bado iko?"

"Iko, Mama. Ni moja ya zile saba."

Joyline akafuta macho, akaenda nyumba ya nne. Glavu alizibeba mkononi, vidole wazi.